Kupanga mradi wa maji kijijini kwa kuanzia siku pampu itakapokufa: mwongozo kamili

Kuna kijiji kimoja kanda ya kati nilienda miaka kadhaa nyuma, nikakuta pampu imesimama miezi mitano. Ofisini kwa mtendaji kuna kabati la chuma, ndani ya kabati kuna mpango mkakati wa mradi, kurasa sitini na kitu, umechapwa kwa rangi, una dira, una dhamira, una jedwali la uwezo na udhaifu, yote Kiingereza, na panya wameshaanza kuula kona ya juu. Nikafungua sehemu ya hatari za mradi nione walisema nini. Pampu kuharibika: uwezekano mdogo. Nje pale kwenye kilula (bomba la kuchotea maji la watu wote) alikuwepo mama mmoja kakalia dumu lake tupu, nikamuuliza, mama, pampu ikifa huwa mnampigia nani? Akaniangalia kwanza. "Mwanangu, tunakaa tu."

Sasa ule mpango kwa mtu wa darasani haukuwa mbaya. Tatizo ni kwamba hizi mbinu za kupanga kimkakati, swoti (lile jedwali la uwezo, udhaifu, fursa na vitisho), logifremu (jedwali la kazi, viashiria na dhana za mradi), mti wa matatizo (mchoro wa tatizo, vyanzo vyake na matokeo yake) na nduguze, nyingi zilizaliwa kwenye makampuni na mashirika makubwa, sehemu ambazo tayari inajulikana mwenye mali nani, mlipaji nani na mwamuzi nani. Kwenye mradi wa maji wa kijiji hayo matatu ndiyo maswali yenyewe, hayajajibiwa, na ukiyaruka ukaenda moja kwa moja kwenye majedwali unapata kitabu kizuri na bomba kavu. Kwa hiyo mimi napanga kinyumenyume, naanzia siku pampu itakapokufa (maana itakufa tu) narudi nyuma mpaka leo. Mwongozo huu ni kwa watu wa kamati, vijana wa mashirika, maafisa maendeleo, na yeyote aliyeambiwa "andaa mpango" akapewa wiki mbili na bajeti ya chai.

Mifano yangu ni ya Tanzania kwa sababu ndiko nilikozoea. Na historia yetu yenyewe inafundisha. Mwaka 1971 serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka 20, yaani mpaka 1991, kila mwananchi wa kijijini awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Bure. Vilijengwa vituo vya maji vingi kweli, lakini mpango ulikuwa wa kujenga, wa kuendesha haukuwepo, dizeli inatoka wilayani, fundi anatoka wilayani, spea inatoka nje ya nchi, hela zilipokata na maji yakakata. Sera ya 1991 ikaanza kusema wananchi wachangie, Sera ya Maji ya 2002 ikasema wazi gharama za uendeshaji ni za watumiaji, na Sheria ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na vile vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, CBWSO, ambavyo wengi tunaita tu jumuiya. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima muongo uliopita, karibu 4 kati ya kila 10 vilikuwa havitoi maji. Ukipanga mradi mpya leo jua unapanga kwenye nchi ambayo watu wameshazika miradi.

Kabla hujaanza

Tenga wiki sita mpaka nane, siyo siku tatu za semina. Unahitaji ndoo ya lita 20 ambayo haijabonyea, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, kamba yenye alama, daftari gumu, karatasi za manila na maka peni. Projekta acha mjini. Ukiingia na projekta watu wanakaa kama wako kanisani, wanasikiliza na kuitikia, na wewe hukuja kuitikiwa.

Na jambo la posho limalize mapema, kabla ya kikao cha kwanza, sema wazi nani analipwa nauli na nani halipwi, maana nimeona mpango mzima ukikwama kwa sababu wajumbe wa kitongoji kimoja walisikia wenzao wamepewa elfu kumi.

Hatua ya 1: Chora nani anashika nini

Kwenye vitabu wanaita uchambuzi wa wadau, unaandika majina kwenye duara na mishale. Kijijini fanya hivi: andika vitu vinavyoshikika, halafu kila kimoja uliza nani anashika. Ufunguo wa nyumba ya pampu nani anao? Simu ambayo hela za maji zinaingia ni laini ya nani? Ardhi ya kisima ni ya nani? Nani akisema "leo hatufungui" maji hayafunguliwi? Nani anajua valvu zimezikwa wapi? Hapo utashangaa, mara nyingi anayejua valvu ni mzee aliyekuwa kibarua wakati wa kuchimba mtaro, hayupo kwenye kamati, hata kwenye orodha ya waalikwa hayupo.

Kisha weka ngazi za serikali mahali pake, kwa sababu watu wanachanganya. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia mambo ya kijiji. Jumuiya ndiyo inayoendesha mradi na kukusanya hela. RUWASA wilaya ndiyo inayosimamia kitaalamu (mpaka 2019 wahandisi wa maji vijijini walikuwa chini ya halmashauri, kwa hiyo bado kuna watu wanaenda kugonga mlango usio sahihi). Na maji yenyewe, yale ya ardhini na mtoni, yako chini ya bodi ya maji ya bonde, nchi ina mabonde 9, ukitaka kuchimba au kuvuta maji kibali kinatoka huko. Miradi mingi inasahau kibali cha bonde mpaka siku wakulima wa juu wanapofungua mifereji na wewe huna karatasi ya kuonyesha ulitangulia.

Hatua ya 2: Pima maji kabla hujapanga chochote

Hapa usinielewe vibaya, sikatai dira na dhamira, ila dira haijazi tenki. Kama chanzo ni chemchemi au kijito cha mserereko (maji yanashuka yenyewe kutoka juu bila pampu), nenda mwishoni mwa kiangazi, kwa kanda ya kati hiyo ni Oktoba au Novemba, siyo Aprili. Kinga maji yote yapite kwenye bomba fupi au bati lililokunjwa, weka ndoo, anza kuhesabu. Rudia mara tano, toa wastani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8 una lita 2.5 kwa sekunde, ambayo ni lita 9,000 kwa saa, karibu uniti 216 kwa siku (uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50, hiyo hesabu iweke kichwani utaitumia sana).

Siku moja tulipima na vijana wawili wa kijiji, mmoja anashika ndoo mwingine anashika simu, mara ya kwanza sekunde 8, ya pili 8, ya tatu 14. Tukadhani simu imekosea. Kumbe juu kule mtu amefungua mfereji wake wa kumwagilia vitunguu, ni saa nne asubuhi, ndiyo saa yake. Ile sekunde 14 ilitufundisha zaidi ya ripoti yote ya upembuzi, maana ikabidi tupande mlimani tukakae na wenye vitunguu, na mpango ukabadilika kuanzia hapo, tukakubaliana saa za kumwagilia kabla hatujanunua hata bomba moja. Kwa hiyo pima asubuhi, mchana na jioni, na pima zaidi ya siku moja.

Kama ni kisima kirefu, dai majaribio ya kupima wingi wa maji ya angalau saa 24 mfululizo, na wapime pia maji yanarudi juu kwa kasi gani baada ya kuzima pampu. Mkandarasi akikwambia saa sita zinatosha kwa sababu dizeli imeisha, mwambie akanunue dizeli. Pampu iliyozidi uwezo wa kisima inanyonya hewa na kuungua, na hapo hakuna mpango mkakati utakaoiokoa.

Ubora nao. Peleka sampuli maabara, usiishie kuonja. Maeneo ya Arusha kuzunguka Meru, na sehemu za Singida, Manyara na Shinyanga, floraidi ni tatizo la kweli, Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuitoi, kunazidisha tu kwa sababu maji yanapungua floraidi inabaki. Chumvi na madini ya chuma hata yasipodhuru afya yanaua mradi kwa njia nyingine, akina mama wakishaona sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinageuka za udongo na maharage yanachukua siku nzima kuiva, watarudi kwenye dimbwi lao la zamani na hutawalaumu.

Hatua ya 3: Hesabu watu, ng'ombe, na vyanzo vyao vya zamani

Viwango vya Tanzania kwa vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Tuchukue kijiji cha mfano cha watu 2,400. Mara 25 ni lita 60,000, uniti 60 kwa siku. Ongeza yanayopotea njiani, ukitaka uniti 60 zifike na unakisia moja ya tano inapotea, inabidi uzalishe 75. Kama pampu ni ya sola na unapata saa 6 nzuri za jua, pampu itoe uniti 12.5 kwa saa. Vilula ni 2,400 gawa kwa 250, unapata 9.6, jenga 10.

Sasa ng'ombe. Hesabu lita 25 hivi kwa ng'ombe wa kienyeji kwa siku, mbuzi au kondoo watano sawa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe 600 ni uniti 15 nyingine, robo ya mahitaji ya watu! Mpango usipowapa mbauti yao (birika la kunyweshea mifugo) watakunywa kwenye kilula, watavunja zege, na ugomvi wa wafugaji na akina mama unaingia kwenye kikao chako. Idadi ya mifugo usiulize hadharani lakini, mtu hatangazi ng'ombe wake mbele za watu, muulize mhudumu wa josho.

Halafu zunguka uone maji wanayotumia sasa hivi, mwezi kwa mwezi. Chora mwaka kwenye manila, mvua inaanza lini, lambo linakauka lini, nani anauza maji kwa punda na ndoo anauza shilingi ngapi. Hilo jedwali la miezi 12 kwangu ni bora kuliko swoti yoyote, kwa sababu linakuonyesha miezi ambayo watu hawatanunua maji yako. Mvua zikinyesha watu wanakinga bati, mauzo yanashuka, na jumuiya nyingi zinakufa Machi na siyo Oktoba. Watu wa mjini hawaamini hili mpaka waone daftari.

Hatua ya 4: Kikao cha msiba wa pampu

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote. Kuna mbinu ya wapanga mikakati ambapo mnakaa mnajifanya mradi umeshakufa, halafu kila mtu anaeleza umeuawa na nini. Inafanya kazi sana kuliko kuuliza "hatari ni zipi", maana swali la hatari linajibiwa kwa adabu, hakuna hatari mheshimiwa, tuko tayari mheshimiwa.

Ila nilipoijaribu mara ya kwanza ilinikatalia. Nimesimama mbele, nasema jamani tufanye ni miaka mitatu kutoka leo na kisima chetu kimekufa, mzee mmoja akasimama akachukua bakora yake. "Kijana, unatuchuria." Akatoka, na wengine watatu wakamfuata. Alikuwa na haki, hujamaliza kujenga nyumba ya mtu unaanza kutangaza msiba wake, huo ni uchuro.

Siku hizi nafanya hivi: natafuta mradi uliokufa kweli. Karibu kila kijiji kinao, au cha jirani kinao, pampu ya mkono yenye kutu, tenki la miaka ya sabini lenye mti umeota ndani. Tunaenda pale pale, tunakaa chini ya kivuli, nawaambia wazee tuambieni huyu marehemu alizaliwaje, aliugua nini, nani alimuuguza, alikufaje. Wanaongea masaa mawili! Wanataja kila kitu: mhasibu alihamia mjini na daftari, fundi alidai hajalipwa akang'oa kifaa, mkandarasi aliweka bomba juu juu trekta likalikata, diwani alisema kwenye kampeni maji ni bure, mwenye shamba alifariki na wanawe wakafunga njia. Wewe andika kila chanzo cha kifo kwenye karatasi yake.

Baada ya hapo rudini kwenye mradi mpya na kila karatasi iulizwe maswali matatu tu. Hili likitupata, nani anajua wa kwanza? Anamwambia nani, kwa namba ipi? Hela ya kurekebisha inatoka wapi na inafika ndani ya siku ngapi? Karatasi isiyo na majibu matatu inabandikwa ukutani na haitolewi mpaka ipate. Mambo ya kuweka rangi nyekundu, njano na kijani kwa uzito wa hatari ruka, yanaishia kuwa sanaa.

Akina mama na vijana wawe na kundi lao kwanza, kisha waje kwa pamoja, na siyo kwa ajili ya picha ya ripoti. Wanaume wanajua mambo ya viongozi, wanawake wanajua foleni, saa, ladha na kilula gani kina mhudumu mkali.

Hatua ya 5: Chagua, na ukichagua ujue umekataa nini

Mpango mkakati bila kukataa kitu ni orodha ya maombi. Hapa kuna machaguo makubwa matatu.

Teknolojia kwanza. Mserereko ukiwezekana chukua mserereko, hauna mafuta wala waya, shida yake ni banio (pale maji yanapokingwa kuingia bombani) kuziba mchanga na watu wa juu. Pampu ya mkono kama Afridev ni ya visima visivyozidi mita 45 kwenda chini, rahisi kutengeneza, lakini watu wakishazoea bomba hawataki kurudi kupampu. Dizeli kila mwezi inakula hela, sola haili hela kila mwezi ndiyo maana inadanganya, watu wanaona maji ya bure, paneli zinaweza kukaa miaka 20 na zaidi ila pampu na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu) usizipe umri huo, na siku zikifa zinadai milioni kwa mpigo.

Pili, kijiji kimoja au kuungana. Hapa nina upande wangu: kijiji kidogo peke yake hakiwezi kumlipa fundi na mhasibu wa kudumu, kinaishia na wajitolea, na mtu wa kujitolea akipata kibarua cha pamba anaondoka. Ndiyo sababu hata jumuiya nyingi ndogo ziliunganishwa zikawa za vijiji kadhaa. Gharama ya kuungana ni kwamba kijiji chenye mapato kitalalamika kinalisha wengine, hilo lizungumzwe mapema na liandikwe.

Tatu, nani anapata maji nyumbani. Wenye uwezo watataka kuunganishiwa, na ni wateja wazuri, wananunua zaidi. Lakini ukiruhusu maunganisho kabla ya kujua presha inafika wapi, kilula cha mwisho bondeni au mlimani kinakauka na hao ndio waliochimba mtaro bure.

Halafu pima machaguo yako kwa miaka mitatu ya namna tofauti: mwaka wa mvua nzuri, mwaka wa kawaida, na mwaka kama ule ambao wazee wanautaja kwa jina la njaa yake. Usichore grafu, uliza tu, mwaka huo kisima hiki kilikuwaje? Wenzetu wa Machakos, Kitui na Makueni kule Kenya walijifunza kwa ukame wakajenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, maji yanakaa ndani ya mchanga jua haliyanywi. Kama mna korongo la mchanga na mwamba chini, ulizeni kabla ya kukimbilia kuchimba mita 150.

Hatua ya 6: Hesabu za pesa, kwa mkono, mbele ya watu

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Kijiji chetu cha watu 2,400 kinauza ndoo kwa shilingi 50. Usikisie kila mtu atanunua lita 25, atanunua 10 hivi, mengine ataoga mtoni. Hiyo ni lita 24,000, ndoo 1,200, shilingi 60,000 kwa siku kiangazi. Masika chukua theluthi, 20,000. Miezi 7 ya kiangazi ni 12,600,000, miezi 5 ya mvua ni 3,000,000, mwaka mzima 15,600,000.

Matumizi: wahudumu wa vilula asilimia 20 ya mauzo ni 3,120,000, fundi 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka, mlinzi 100,000 ni 1,200,000, msimamizi anayeshika na hesabu 200,000 ni 2,400,000, spea ndogo ndogo 1,500,000, dawa na vipimo vya maji 600,000. Jumla 10,620,000. Inabaki 4,980,000 na hapo kila mtu anashangilia. Subiri. Pampu na inveta tuseme ni milioni 18 na zitakaa miaka 7, inabidi uweke kama 2,570,000 kila mwaka. Inabaki 2,410,000, hiyo ndiyo salama yako ya kweli.

Sasa fanya mauzo yawe nusu, kwa sababu lambo halikukauka au mtu kachimba kisima chake. Mapato 7,800,000. Wahudumu wanashuka hadi 1,560,000, lakini fundi, mlinzi, msimamizi, spea na dawa havishuki, bado 7,500,000. Jumla 9,060,000. Umeingia hasara ya 1,260,000 hata pampu hujaiwekea senti! Nikiandika hii kwenye manila, chumba kinakuwa kimya, halafu ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza: tupandishe bei? tupunguze mlinzi? maunganisho ya nyumbani? Acha wabishane, usiwasaidie haraka.

Hela ya pampu ikae akaunti tofauti benki, na utaratibu wa kuitoa uwe mgumu kidogo. Makusanyo ya kila siku yaende kwa namba ya malipo badala ya mfuko wa mtu. Na wasiojiweza, wazee wa peke yao, wagonjwa, amueni kwenye mkutano ni kaya zipi zinapata maji bila kulipa, majina yajulikane na ndoo zao ziandikwe, kuliko kumwachia mhudumu wa kilula aamue kwa huruma yake au kwa ukoo.

Hatua ya 7: Ibadilishe logifremu iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili

Mfadhili anaitaka logifremu, mpe. Ila kijiji kipewe ukurasa mmoja wenye safu nne: tutafanya nini, nani kwa jina la cheo, tutaonaje kwa macho kwamba imefanyika, na nini lazima kiwe kweli ili ifanyike. Hiyo safu ya nne kwenye logifremu inaitwa dhana, watu wanaijaza kwa usingizi mwishoni, "hali ya hewa itakuwa nzuri", "wananchi watatoa ushirikiano". Mimi naijaza kwanza. "Familia ya mwenye shamba la kisima inakubali." Imekubali? Iko wapi karatasi?

Viashiria navyo viwe vya kuonekana. Badala ya "asilimia ya kaya zenye huduma endelevu" andika "kilula cha kitongoji cha mwisho kinajaza ndoo chini ya dakika mbili saa kumi jioni". Mtoto wa darasa la nne anaweza kukipima.

Kama mmeshapitia Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ile mbinu ambayo halmashauri zimetumia kupanga na vijiji kwa miaka mingi, msianze upya, chukueni kumbukumbu zake mjengee juu yake. Watu wamechoka kuulizwa matatizo yao kila mwaka na mgeni mpya.

Hatua ya 8: Karatasi za ardhi na mkutano mkuu

Hii fupi lakini usiiruke. Ardhi ya kisima, tenki na kila kilula iwe na makubaliano ya maandishi, yamesainiwa na mwenye ardhi na mwenzi wake na shahidi wa ukoo, mipaka imetajwa, nakala iko kijijini na kwa jumuiya. "Mzee alitupa kwa mdomo" inafanya kazi mpaka mzee afariki. Bei ya maji, adhabu za kuharibu na mipaka ya kuhifadhi chanzo (kando ya mto ni mita 60 kisheria) zipitishwe mkutano mkuu na ziingie kwenye muhtasari. Ukurasa mmoja usomwe kwa sauti, mstari kwa mstari. Utachukua saa nzima na watu watapinga mistari miwili mitatu, ifuteni hapo hapo.

Hatua ya 9: Mita, ubao, na mapitio

Weka mita kubwa inapotoka tenki na mita ndogo kila kilula. Kila tarehe moja soma zote. Kwa kijiji chetu, tenki imetoa uniti 1,000, vilula vyote vimeuza 720, zimepotea 280, asilimia 28. Sasa unajua wiki hii fundi anatembea kwenye laini kutafuta majani mabichi kiangazi, hapo ndipo bomba linavuja, au kuna mtu kajiunganishia usiku. Bila mita mbili utabaki unamshuku mhasibu bure.

Ubao uwe nje ya ofisi, chaki tu: uniti zilizotoka, zilizouzwa, hela iliyoingia, iliyotumika, iliyopo ya pampu, siku ambazo maji hayakutoka. Mistari sita. Chini yake namba ya simu ya fundi na ya msimamizi. Mwezi ambao ubao haujaandikwa ndiyo mwezi wa kuitisha kikao, usisubiri ripoti ya robo mwaka. Na fundi awe na kasha la vitu vinavyoharibika mara kwa mara, washa za vilula (vile vipete vya kuzuia koki isivuje), koki, viunganishi vya bomba la saizi zenu, fyuzi, gundi, msumeno, na kila kinachotumika kinanunuliwa kingine wiki hiyo hiyo, maana kufuata koki mjini ni nauli na siku nzima.

Mapitio ya mpango mzima fanyeni mara moja kwa mwaka, mnazitoa zile karatasi za msiba mnazisoma tena: hii bado ina majibu matatu? Fundi tuliyemwandika bado yupo, namba yake inapatikana? Pigeni hapo hapo kikaoni mkiwa mmeweka spika, kuna kijiji tulipiga namba tatu zilizokuwa ukutani, mbili hazipatikani na ya tatu ikapokelewa na mtu yuko Kahama anauza mchele. Tarehe ya kikao msiiweke Aprili wakati kila bati linatiririka na hakuna mwenye kero, iwekeni Oktoba, saa nane mchana, pale pale kwenye kilula cha mwisho.